Sifa za Mhojiwa M4

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama nje ya Maktaba X, tasnifu yangu nimeikumbatia kifuani, na kibao cha mlangoni kimeandikwa hivyo hivyo, MAKTABA X, kwa rangi ya bluu. Chini yake kwa herufi ndogo kuna maneno: "Maktaba kongwe iliyo mkabala na soko la samaki katika mji wa utafiti."

Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika mwenyewe katika sura ya tatu. Ndotoni sikushangaa hata kidogo kuyaona ukutani. Nilisoma mara mbili, nikaona nukta ya mwisho wameisahau, nikaumia moyo.

Ngoja nieleze kwanza, maana mtu akisikia ndoto bila kujua ya nani anadhani ni homa. Mimi ni Tausi Likwata, nasoma shahada ya uzamili ya ukutubi na sayansi ya habari, na nimetumia mwaka mzima kuchunguza jinsi maktaba za umma zinavyokusanya takwimu za wasomaji wao. Niliwahoji watumishi sita wa maktaba moja. Kanuni za utafiti zinasema jina la mhojiwa lisitajwe, basi nikawapa namba. M1 ni mkutubi mkuu, mama mwenye sauti laini na funguo nyingi. M2, M3, M5 na M6 ni wahudumu. M4 naye ni mhudumu, mzee wa watu, aliyenifungulia moyo wake siku mbili mfululizo tukiwa tumekaa nyuma ya jengo, kwenye ngazi za stoo. Jina lake silitaji hata hapa.

M4 aliniambia kwamba kila siku M1 anataka daftari la wasomaji lifike majina mia mbili, kwa sababu takwimu zinapelekwa juu. Wasomaji wa kweli hawafiki thelathini, na nusu yao wanakuja kuchaji simu. Kwa hiyo daftari analijaza yeye. Nikamuuliza anayatoa wapi majina yote hayo. Akacheka kwa aibu, akasema anaandika marehemu wa ukoo wake.

"Walio hai nawaogopa, mwanangu," alisema. "Wakiulizwa watakana. Marehemu hawakani."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama haitajulikana kuwa ni yeye aliyesema. Amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu. Nikamwambia, "Baba, ondoa shaka. Jina lako halitaonekana popote." Akashukuru, akatia saini fomu ya ridhaa, akarudi kufuta vumbi.

Hapo ningekuwa salama. Lakini msimamizi wangu, Dokta Kisoza, ana kalamu nyekundu, na kalamu hiyo iliniandikia pembeni: "Wahojiwa hawaonekani! Eleza sifa zao kwa kina." Nami nikaeleza. Mimi nikiambiwa nieleze sifanyi mchezo. Nikaeleza mpaka ukurasa wa arobaini na saba ukawa unamwonyesha M4 amesimama mzima mzima, na Dokta akaandika "Safi sana," na siku hiyo nikajinunulia soda mbili. Sikuwaza lingine. Kibali cha utafiti kilikuwa na sharti moja tu, kwamba kazi ikiisha maktaba ipewe nakala. Nakala tano zilikuwa kwa fundi, zinatiwa jalada gumu.

Haya, turudi ndotoni.

Pale mlangoni kuna foleni. Mbele yangu kuna mwavuli, umesimama wenyewe. Mlinzi wa mlango ni hojaji. Kurasa nne, imebanwa pini kwenye pembe, imevaa kofia ya mgambo.

"Anaingia kila wa tatu," inasema. "Ndiyo utaratibu wa sampuli."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na huyu mwavuli anahesabiwa?"

"Ameshahesabiwa. Ni wa kwanza. Naye haingii."

Mwavuli hausemi kitu. Nyuma yangu hakuna mtu. Nikafikiri kidogo, nikatoka kwenye foleni, nikazunguka, nikaja kusimama nyuma yangu mwenyewe. Nikawa wa tatu. Nilijiona kisogo changu, nikagundua msuko umefumuka.

"Huo ni upendeleo," inasema hojaji. "Je, unakubali kwamba umefanya upendeleo? Nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa."

"Jamani, nina haraka."

"Hilo halimo."

"Kuna mtu ataharibikiwa humo ndani."

"Hilo nalo halimo. Chagua moja."

"Sina hakika," nikasema.

Ikajipigia tiki tumboni. "Wengi wanachagua hilo hilo," ikasema, ikasogea pembeni.

Haraka yangu ilikuwa hii. Ndotoni nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nakala imeshafika kwa M1 na anaisoma wakati ule ule. Nilitakiwa niipokonye kabla hajafika ukurasa wa arobaini na saba. Na kama vile wasiwasi wangu haujatosha, ukutani palikuwa na spika kama zile za stendi, ikaguna, ikakohoa, ikatangaza: "Mkutubi Mkuu yuko ukurasa wa thelathini na mbili."

Nikaongeza mwendo. Naingia ukumbi wa kusomea. Loh! Umejaa. Hakuna kiti. Mchana nilipofanya utafiti wangu ukumbi huu ulikuwa na watu saba na paka. Sasa wamekaa watu mia mbili, wamevaa vizuri, kanzu zimepigwa pasi, kanga ni doti mpya, kila mmoja na kitabu mbele yake, na hakuna anayekohoa. Nikajua hawa ndio wa kwenye daftari.

Bibi mmoja mfupi akaniinulia mkono. Kwenye kifua alikuwa na karatasi ya namba, mia na kumi na mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi ni Somoe. M4 nimemlea mimi, mama yake alikuwa dada yangu. Kaa."

"Sina pa kukaa, bibi."

"Basi simama vizuri. Nilikufa mwaka ule wa mafuriko. Kusoma nilikuwa sijui. Sasa nasoma kila siku ya kazi, na Jumamosi nusu siku."

"Unasoma nini?"

"Ufugaji wa kuku wa mayai. Nimekimaliza mara mia sita. Ukimwona kuku wako amejikunyata, usingoje jioni."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia najua wanachoshwa, wamezikwa vizuri kisha wanaamshwa kila asubuhi ili watu wa juu wafurahi. Bibi Somoe akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayeweka sukari kwenye maharage.

"Kuchoshwa? Wewe mtoto una wazimu. Nina wajukuu kumi na tisa. Nani kati yao analitaja jina langu? Huyu ananiandika kila asubuhi, kwa mwandiko mzuri, jina la baba na la babu. Usiku naulizana na wenzangu kama kesho ataniweka juu au chini." Akafunga kitabu. "Nasikia umemwandika na wewe."

"Nimemficha, bibi. Jina sikuliweka."

"Umemficha vizuri?"

Watu mia mbili wakageuza kurasa kwa pamoja.

"Akifukuzwa huyu," akasema Bibi Somoe, "sisi tunakwenda wapi?"

Spika ikakohoa. Ukurasa wa thelathini na nane.

Nikamkimbilia M4. Nilijua atakuwa nyuma kabisa, kwenye rafu ya vitabu vya ukutubi, ambayo mtu hajawahi kuigusa tangu nchi ipate uhuru. Naam, yupo. Amejipenyeza kati ya vitabu viwili vinene, kasimama kiubavu. Uso wake umefunikwa na mstari mweusi, mpana, kuanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni. Nilifurahi kuuona. Nilisema moyoni, ahadi nimetimiza.

Halafu nikaona lebo.

Zilikuwa lebo za vitabu, zile nyeupe za mgongoni, zimebandikwa mwili mzima, na mwandiko ni wa kompyuta yangu. Begani: MWANAUME. Shingoni: UMRI MIAKA 58. Kifuani: MIAKA 31 KAZINI. Kwenye kiganja: HUTUMIA MKONO WA KUSHOTO. Na mkononi alikuwa ameshika ile kanga aliyonionyesha kule kwenye ngazi za stoo, nayo ina lebo yake, ndefu kuliko zote: HUFUTA VUMBI KWA KANGA YA MAREHEMU MKEWE, AKISEMA KITAMBAA CHA OFISI HAKINA ADABU.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Naona hapa sijifichi vizuri. Kila nikikaa, kitu kinachungulia." Sauti ilitoka nyuma ya mstari mweusi, ya upole vile vile. "Sasa hivi kapita M3 na ndoo. Uso hajauona. Kanisalimia, kaniuliza mguu unaendeleaje."

"Ngoja nizibandue."

"Haya, jaribu. Lakini usijichoshe."

Nikaanza na ya mkono wa kushoto. Ikatoka kirahisi. Papo hapo tasnifu iliyo kwapani mwangu ikapungua uzito, na kutoka kwenye nywele zangu ikachomoza kalamu nyekundu. Ilikuwa imechomekwa humo muda wote.

"Wahojiwa hawaonekani!" ikapiga kelele.

"Ndiyo nia yenyewe!"

"Sifa hazitoshi! Toa alama tano!"

Nikabandua ya umri. Kalamu ikatoa alama nyingine. Nikabandua ya miaka kazini. Spika ikasema arobaini na moja. Jasho linanitoka, vidole vinanata gundi. Nikafika kwenye kanga. Nikashika pembe ya ile lebo ndefu, nikavuta, ikaanza kutoka, na hapo mkono wangu ukasita.

Nitasema ukweli, maana hata ndotoni niliona haya. Ile sentensi naipenda. Ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika maishani, na Dokta aliipigia mstari mara mbili. Mtahini wa nje angeisoma akajua huyu binti ana jicho. Nikaangalia huku na huku. Nikaibandika tena. Nikaipapasa kwa kidole gumba ishike vizuri.

M4 aliona. Sijui aliona kwa macho gani, lakini aliona.

"Iache tu, mwanangu," akasema. "Usije ukafeli kwa ajili yangu."

Kama angenitukana ningepumua. Nilitaka kusema kitu, nikafungua mdomo, na rafu ikawa si rafu tena.

Sasa nipo kwenye chumba cha kutetea tasnifu. Ni kile kile cha chuoni, feni moja inazunguka na nyingine inafikiria. Dokta Kisoza amekaa mbele, anakula karanga kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa, na karatasi yenyewe ni marejeo yangu, kuanzia herufi B mpaka F. Pembeni yake amekaa ule mwavuli wa mlangoni. Umeingia, sijui kwa sampuli gani. M4 hayupo.

Mlango ukafunguliwa na Jedwali 4.2 likaingia kwa miguu yake minne.

"Unanijua?" likauliza.

"Nakujua. Mgawanyo wa wahojiwa kwa jinsi."

"Nisome."

"Wanawake watano, asilimia themanini na tatu nukta tatu. Wanaume..."

"Wanaume?"

"Asilimia kumi na sita nukta saba."

"Hiyo ni watu wangapi?"

"Mmoja."

"Katika maktaba nzima?"

"Katika maktaba nzima."

"Yupi?"

"Siwezi kumtaja," nikasema, nikajikaza, nikanyoosha mgongo. "Nimemwahidi usiri. Ni kanuni ya msingi ya maadili ya utafiti."

"Vizuri sana. Humtaji," likasema Jedwali. "Wangapi humu wanamjua?"

Dokta akainua mkono wenye karanga. Feni zote mbili zikasimama. Mwavuli ukafunguka taratibu, pa, mpaka mwisho. Hata mimi, wallahi, nilijikuta nimenyoosha kidole.

"Nilifuata ushauri," nikamwambia Dokta. Sauti ilikuwa ya kulialia, sikuipenda. "Dokta si uliandika mwenyewe wahojiwa hawaonekani? Si uliandika kwa kina?"

"Niliandika," akasema Dokta, akichagua karanga nzima akaacha za kuungua. "Lakini mzee kwenye ngazi aliongea na nani? Na mimi?"

Nikajifanya nasoma jalada la tasnifu yangu.

"Swali la mwisho, Bi. Likwata. Mapungufu ya utafiti wako ni yapi?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilitakiwa niseme: Dokta, upungufu wa utafiti wangu ni kwamba nimemwahidi mtu mzima kitu nisichokijua, na mtu huyo atakosa kiinua mgongo chake kwa sababu nilitaka kusifiwa. Maneno yalikuwa ulimini, yamejipanga. Nikafungua mdomo nikasema walichosema wanafunzi wote waliowahi kusoma pale tangu chuo kijengwe.

"Muda na uhaba wa fedha."

Wakapiga makofi. Jedwali likapiga makofi kwa miguu ya mbele. Dokta akasimama, akanipa mkono wenye chumvi, akasema nimefaulu bila marekebisho. Nilitaka kufurahi, na kwa sekunde moja nilifurahi kweli, Mungu anisamehe. Kisha spika ikasema: "Mkutubi Mkuu yuko ukurasa wa arobaini na sita."

Nikatoka mbio. Ukumbi wa nje ni sura ya nne. Kila kigae cha sakafu kina namba, 4.1, 4.2, 4.3, 4.3.1, 4.3.1.1, na siwezi kuruka hata kimoja, maana nikiruka miguu inarudi yenyewe. Nakanyaga vichwa vya habari. Nakanyaga Utangulizi wa Sura. Nakanyaga Muhtasari wa Sura, halafu naona bado hata sijafika katikati. Nyuma nasikia vitambaa vinachakarika. Ni marehemu mia mbili, wametoka ukumbini, wananifuata bila kusukumana, Bibi Somoe mbele na kitabu chake cha kuku.

Nafika ofisini kwa M1. Mlango uko wazi.

"Karibu, mwanangu, karibu," anasema M1. Sauti ni laini kama siku ile ya kwanza niliyompelekea kibali. Funguo zake zimepangwa mezani kwa ukubwa. Tasnifu yangu iko mbele yake, jalada jeusi, herufi za dhahabu, na jina langu linang'aa. "Umekimbia kwani? Kaa. Unakunywa chai?"

"Shikamoo mama. Ile nakala ina makosa. Naomba niirudishe."

"Marahaba. Makosa gani?"

"Madogo. Ya uchapaji."

"Basi madogo hayanisumbui," akasema, akalamba kidole cha shahada.

Spika ikavuta pumzi. Nami sikungoja itangaze. Nikaruka juu ya meza, nikafungua tasnifu, nikaushika ukurasa wa arobaini na saba, nikauchana, nikautia mdomoni. Wote. Ulikuwa na ladha ya wino na ya gundi. Nikatafuna. Nikatafuna MWANAUME, nikatafuna miaka thelathini na moja, nikafika kwenye kanga ya marehemu nikashindwa kuimeza, ikanikaa kooni, machozi yakanitoka. Marehemu wamesimama mlangoni wanatazama. Hakuna aliyenicheka.

M1 hakukasirika. Akasimama, akachukua chupa ya chai, akamimina kikombe, akanisogezea.

"Kunywa, usikwame," akasema. "Unajisumbua bure, mwanangu. Anayesoma ukurasa kwa ukurasa ni hiyo spika. Mimi kazi za wanafunzi sianzii mbele. Mbele mnaandika ya vitabuni. Mimi naanzia nyuma."

"Nyuma hakuna kitu, mama," nikasema, karatasi imejaa mdomoni. "Nyuma ni marejeo tu. Na viambatisho."

"Naam," akasema M1. "Viambatisho."

Akaigeuza tasnifu ile, akanisogezea nisome.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka, jirani anafagia uwanja, mdomo wangu mkavu kabisa. Nikakaa kitandani nikajiambia, Tausi, ni ndoto, umekula viazi vitamu usiku. Nikajiambia pia kwamba mtu mzima harudi kulala akiwa na shaka. Nikaichukua nakala ya rasimu iliyokuwa mezani, ile ya karatasi laini, nikaifungua kwa nyuma.

Kiambatisho A, hojaji. Sawa. Kiambatisho B, kibali. Sawa. Kiambatisho C, fomu ya ridhaa.

Pale panatakiwa fomu tupu. Mtahini anachotaka ni kuona fomu ilivyo, basi. Na mimi siku ya kukusanya viambatisho nilikuwa na haraka, fomu tupu zilikuwa zimeniishia, nikachukua moja kutoka kwenye bahasha, iliyokuwa juu, nikaitoa kivuli. Nakumbuka hata mashine ilivyolia. Sikuangalia ni ya nani.

Ilikuwa ya kwake. Jina lake, la baba yake na la babu yake. Mwandiko wa mkono wa kushoto, umelala kidogo, safi, unasomeka mpaka kwa asiyevaa miwani. Namba ya simu. Tarehe. Na kwenye pembe ya juu, kwa kalamu yangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika namba ili nisije nikachanganya fomu zangu.

Nikampigia fundi Mahanyu, anayetia majalada. Nikakosea namba mara mbili.

"Fundi, simamisha! Usitoe nakala hata moja!"

"Mbona nne zako ziko hapa, dada, zimekauka vizuri tu."

"Zilikuwa tano!"

"Ya maktaba niliipeleka mwenyewe jana jioni. Si ni njiani kwangu? Nikasema nikupunguzie safari. Yule mama kashukuru sana."

Nikakata simu. Nikaanza kumpigia mzee. Simu yake imezimwa. Nikapiga saa moja, imezimwa. Nikapiga saa moja na nusu. Nikavaa, nikavua, nikavaa tena nguo ile ile. Nilikuwa nimeshapanga maneno: nitamwambia baba, nimekukosea, usiende kazini leo, nakuja kwako tukae tutafute njia, nitakwenda mwenyewe kwa wakubwa nikaeleze kwamba kosa ni langu. Nikayarudia mbele ya kioo mpaka yakanyooka.

Saa mbili na dakika kumi akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" Alikuwa na furaha. Nyuma yake nilisikia kijiko kinagonga kikombe. "Afadhali umepiga. Nilikuwa na swali, na mwenye kusoma sana ni wewe tu ninayemjua. Leo Mkuu kanipokea mlangoni, yeye mwenyewe. Kanishika mkono, kaniketisha ofisini kwake, kanimiminia chai. Miaka thelathini na moja sijawahi kunywa chai humu ndani. Hebu niambie, mwanangu, M4 ndiyo cheo gani? Maana tangu asubuhi ndivyo anavyoniita."